Linalia Lini?

Bisibisi ndefu, ncha yake juu ya kifuniko cha valvu, mpini wake nimeubana kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Injini imewaka dakika mbili zilizopita na bado ni ya baridi. Nje hakujapambazuka vizuri. Kupitia chuma kile nasikia mambo ambayo mtu aliyesimama hatua mbili kutoka kwenye boneti hawezi kuyasikia: valvu zinavyofunga, dizeli inavyolipuka ndani ya silinda, na katikati ya hayo yote, ko-ko-ko-ko, mlio mkavu, kama wa mtu anayebisha mlango akijua wenyewe wamo ndani.

Nikahamisha ncha upande wa nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya silinda. Upo. Nikashuka hadi kwenye bloku. Upo.

Kila nilipogusa, ulikuwepo.

Hiyo ilikuwa wiki ya tatu. Gari lenyewe ni dizeli ya kizamani: silinda nne, pampu ya mafuta inayozungushwa na taimingi belti (mkanda wenye meno wa injini), wala hakuna kompyuta ya kunieleza chochote. Nimekaa nalo miaka mingi, likibadilika kidogo tu najua kabla sijafunga mlango. Ndiyo maana jambo hili lilinikosesha usingizi.

Na mlio haukuja peke yake. Asubuhi injini ilikuwa inawaka kwa taabu, inamisi (silinda nyingine haziwaki) dakika tatu au nne za mwanzo, gari zima linatetemeka mpaka kioo cha ndani kinacheza, na nyuma unatoka moshi mweupe. Baadaye inatulia. Unabaki mlio tu.

Nikauchukulia kuwa ni ugonjwa mmoja. Vyote vilianza ndani ya wiki moja, kwa hiyo sikuona sababu ya kufikiri vinginevyo.

Kila mtu na jina lake

Nilirekodi mlio kwa simu, sekunde 15, nikawatumia watu wanaojua magari kuliko mimi. Mmoja akasema beringi ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, shafti kuu ya injini, imekufa. Mwingine, nozeli inatema. Wa tatu, taimingi imeruka jino. Wa nne, pistoni inapiga ukuta wa silinda. Wa tano akasema valvu zimeachia, zirekebishwe.

Watu watano, magonjwa matano, na kila mmoja ana uhakika.

Siwalaumu. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu. Mngurumo mzito wa chini, ambao ndio unaotofautisha konrodi na valvu, unapotea, na kinachobaki ni milio yote imelazwa sawasawa kama nguo zilizopigwa pasi. Leo mtu akinitumia klipu ya injini, namwomba maelezo kabla sijaisikiliza.

Kati ya majina yale matano nilishika lile lililonitisha zaidi: konrodi. Beringi ya konrodi ikiisha, hakuna kurekebisha juu juu. Injini inashuka. Nikamwaga oili, nikaipitisha kwenye kitambaa cheupe, nikakitandaza juani nikakikagua kama mtu anayechambua mchele. Hapakuwa na chembe hata moja inayong'aa. Taa ya presha ya oili nayo haikuwahi kuwaka. Ushahidi huo ulitosha kunituliza, lakini sikutulia, kwa sababu nilikuwa nimeshaamini.

Halafu nikageukia plagi za hita. Moshi mweupe na kumisi asubuhi ni dalili zake hasa: plagi moja ikifa, silinda yake haipati joto la kuanzia, dizeli inatoka bila kuungua hadi injini ipate moto. Nikazipima kwa mita. Zote nne zilisoma chini ya omu moja, maana yake ni nzima.

Nikazibadilisha hata hivyo. Kesho yake asubuhi, hali ile ile.

Wakati huo fundi mmoja alikuwa ameshanipangia siku ya kushusha injini. Nilikuwa nimekubali.

Dizeli hugonga hata ikiwa nzima

Kinachofanya milio ya dizeli iwe migumu ni kwamba injini yenyewe hugonga kwa asili yake. Haina plagi ya cheche. Hewa inabanwa mara 20 au zaidi kwenye dizeli za zamani kama yangu, inapata joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi, kisha mafuta yanapuliziwa humo na kuwaka yenyewe. Ila hayawaki papo hapo. Kuna kucheleweshwa kidogo, kiasi cha elfu moja ya sekunde, na katika kitambo hicho mafuta yanaendelea kuingia. Yaliyojikusanya yakishika moto, yanashika kwa pamoja. Kule kugonga unakokusikia ni presha inayopanda ghafla.

Injini ikiwa ya baridi kucheleweshwa huko kunakuwa kurefu zaidi, na kugonga kunazidi. Nozeli ikidondosha badala ya kupuliza ukungu, kugonga kunazidi. Pampu ikiwahi kupiga, kugonga kunazidi. Ikichelewa, kugonga kunapungua lakini nguvu inapotea na moshi mweupe unakuja. Sababu tofauti, na sikio linapokea neno moja tu: ko.

Kingine ni kasi. Injini ikiwa sailensi, yaani inawaka bila kukanyagiwa mafuta, kwenye mizunguko 800 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 400 kwa dakika hiyo, yaani kati ya mara sita na saba kwa sekunde. Silinda zote nne kwa pamoja ni karibu milipuko 27 kila sekunde. Hakuna sikio la kuihesabu. Kinachowezekana ni kulinganisha: mlio unaofuata kemshafti, shafti inayofungua valvu, unakuja nusu ya kasi ya ule unaofuata kranki, kwa sababu kemshafti inazunguka mara moja kila kranki inapozunguka mara mbili. Wangu ulikuwa wa taratibu kuliko nilivyoutarajia kwa konrodi. Niliuona ukweli huo tangu wiki ya kwanza na nikaupita, maana haukulingana na jina nililokuwa nimeshalichagua.

Mzee

Siku tano kabla ya injini kushushwa nilimwendea fundi mmoja mtu mzima, ambaye maisha yake yote ameyatumia kwenye pampu za dizeli. Nikaanza kumweleza.

"Mzee, nadhani konrodi ya..."

Akanyanyua mkono.

"Mwanangu, jina la ugonjwa liache kwanza. Linalia lini?"

"Muda wote."

"Hakuna kitu kinacholia muda wote. Nenda kaandike. Linalia lini, linanyamaza lini, na linabadilika ukifanya nini. Ukishajua, urudi."

Hakulisogelea hata gari. Niliondoka nimeudhika, nasema moyoni kwamba nilikuja kutafuta masikio yake, si kazi ya nyumbani. Lakini nikachukua daftari.

Siku ya kwanza niliandika kwamba gari likilala usiku kucha linamisi, likikaa saa mbili haliwi na shida. Hapo nikajiambia ni baridi. Injini ya saa mbili bado ina vuguvugu. Siku ya pili niliandika mambo mengi ya mlio: linapanda mlima, linashuka, klachi imekanyagwa, klachi imeachiwa. Klachi haikubadilisha kitu, kwa hiyo nikaziondoa flaiwili na beringi ya klachi kwenye orodha. Kuna mstari mmoja siku hiyo niliuandika kisha nikaukata kwa kalamu kwa kuwa niliuona hauna maana. Nitaurudia.

Siku ya tatu jioni nilikosa nafasi ya kuegesha penye tambarare, nikaliacha gari mteremkoni, pua ikiangalia chini.

Asubuhi ya mteremko

Baridi ya asubuhi ile ilikuwa ileile ya siku zilizotangulia. Gari lilikuwa limelala kwa muda wa saa kumi na moja. Nikapasha hita, nikapiga stata.

Likawaka mara moja.

Halikumisi. Halikutetemeka. Nilishuka nikazunguka nyuma kuangalia moshi, hapakuwa na moshi wa kuzungumzia. Nikasimama nimeshika mlango, na kutoka mbele, wazi kabisa: ko-ko-ko-ko.

Nililirudisha daftari mapajani na sikuandika chochote kwa muda. Injini ilikuwa ya baridi kama jana, plagi ni zilezile, nozeli ni zilezile, silinda ni zilezile. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba tangi, ambalo liko nyuma, safari hii lilikuwa juu ya injini badala ya kuwa chini yake.

Basi kumisi hakukuwa kwa sababu ya baridi. Dizeli ilikuwa inarudi tangini usiku, na kwenye mteremko ule haikuweza kurudi. Ili mafuta yarudi, lazima hewa iingie mahali pake. Na kama kumisi kumeondoka wakati mlio umebaki, basi vitu hivi viwili havijuani.

Wiki tatu nilikuwa nautafuta ugonjwa mmoja unaoweza kubeba dalili zote. Konrodi haileti moshi mweupe wa asubuhi, kwa hiyo nilijilazimisha kuamini kwamba silinda imechoka pia. Kila dalili iliyokataa kuingia niliisukuma iingie, na ugonjwa ukawa unakua siku hadi siku mpaka ukastahili kushushiwa injini.

Nilimpigia simu yule fundi wa kushusha injini, nikamwomba tuahirishe.

Shanga ndani ya mpira

Sehemu ya hewa ilikuwa rahisi baada ya hapo, na naieleza kwa sababu wengi wanahangaika nayo. Kati ya tangi na pampu, mafuta yanavutwa, hayasukumwi. Ndiyo maana kwenye upande huo panapopasuka hapadondoshi tone hata moja chini. Hewa ndiyo inayoingia. Mimi nilikuwa nimekagua sakafu kila asubuhi, nikaikuta kavu, nikajihakikishia kwamba hapavuji.

Niliondoa kipande cha mpira kinachoingia kwenye pampu, nikaweka mpira mwangavu unaohimili dizeli, urefu wa kiganja, nikaubana kwa klipu pande zote. Gari likalala tambarare. Asubuhi, kabla ya kuwasha, nikaangalia: nusu ya mpira ilikuwa tupu. Nikawasha. Dizeli ya rangi ya asali ikaja ikiwa imekatikakatika, mapovu yamefuatana kama shanga kwenye uzi, makubwa kwanza, kisha madogo, kisha moja moja. Injini ilimisi kwa muda uleule ambao shanga zilikuwa zinapita. Zilipokwisha, ikatulia.

Hewa inabanika, dizeli karibu haibaniki kabisa. Pampu ikipata povu inalibana badala ya kufungua nozeli, na silinda hiyo inapita mtupu.

Kutoka hapo nilirudi nyuma kipande kwa kipande nikihamisha ule mpira mwangavu. Kabla ya filta, hapana mapovu. Baada ya filta, yapo. Juu ya filta kuna pampu ndogo ya mkono yenye kiwambo cha mpira, ile tunayoipiga kutoa hewa. Nilipoikunja kwa kidole nikauona ufa mwembamba ukingoni, unaofunguka ukikunjwa na kujifunga ukiachiwa.

Kilipobadilishwa, gari lililala tambarare usiku tatu mfululizo na kuwaka bila neno.

Nati nne

Ukabaki mlio. Kwa mlio nilifanya jaribio la kizamani: kulegeza nati za mabomba ya nozeli, moja baada ya nyingine, injini ikiwa sailensi.

Nisimame hapa kwanza. Jaribio hili ni la pampu za kimakanika tu. Gari la komoni reli, mfumo wa nozeli zote kulishwa na bomba moja la presha, ulioingia kwenye magari madogo na Alfa Romeo 156 mwaka 1997, lina presha inayoweza kupita bar 1,000 kwenye mabomba hayo. Dizeli ya presha hiyo inatoboa ngozi na kuingia mwilini, na jeraha linaloonekana dogo kama la sindano linaweza kumgharimu mtu mkono. Huko usiguse nati injini ikiwa inawaka. Pima mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli kwa chupa nne, uone ipi inarudisha kuliko wenzake. Na hata kwenye gari la zamani kama langu, vaa miwani, zungushia kitambaa, na usiweke kidole mbele ya mwanya.

Spana namba 17, robo mzunguko. Nati ya kwanza: dizeli ikaanza kutoka povu kuzunguka uzi wake, mngurumo ukapungua, injini ikayumba. Maana yake silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi, kwa kuwa kuondoka kwake kumesikika. Nikaikaza, ikarudi. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu. Nilipofika ya nne mikono ilikuwa inanitetemeka, maana silinda ambayo ukiikata injini haioni tofauti ndiyo mgonjwa, na ilikuwa imebaki moja tu.

Ikayumba kama wenzake.

Silinda zote nne zilikuwa zinabeba sawa. Na la muhimu zaidi, ko-ko-ko haikubadilika hata mara moja. Beringi ya konrodi inagonga kwa sababu mlipuko unaisukuma. Ukiuondoa mlipuko wa silinda hiyo, mlio unapoa au unabadilika. Nozeli mbovu nayo ukiikata inanyamaza. Mlio wangu haukuwa na habari na moto wa silinda yoyote.

Ilinichukua muda kukubali kwamba lile jina la konrodi limekufa. Nililikaza na kulilegeza bomba la pili mara tatu zaidi, nikisikiliza.

Mstari nilioukata

Nilitoa mkanda wa alteneta, nikawasha kwa muda usiofika dakika moja, kwa kuwa mkanda huo ndio unaozungusha na pampu ya maji. Mlio upo. Nikarudia bisibisi, safari hii nikijua kosa langu la mwanzo: chuma kinasafirisha sauti, kwa hiyo nikiuliza kama mlio upo, jibu litakuwa ndiyo kila mahali. La kuuliza ni wapi una nguvu zaidi. Ulizidi upande wa mwisho wa silinda hedi, kile kipande cha juu cha injini, mbali na taimingi belti.

Usiku nilifungua daftari. Siku ya pili, chini ya wino wa kukata, bado maneno yalisomeka: "Kwenye foleni, nikikanyaga na kuachia breki mara kwa mara, unabadilika."

Niliukata kwa sababu breki na injini niliona haziingiliani.

Zinaingiliana. Injini ya petroli inavuta hewa kupitia mlango unaoibana, hivyo inapata vakyumu, yaani nguvu ya kunyonya, ya kusaidia breki bure. Dizeli ya kizamani haibani hewa inayoingia, kwa hiyo inahitaji pampu yake ya vakyumu. Kwenye gari langu pampu hiyo imefungwa mwisho wa silinda hedi na inasukumwa na kemshafti. Kila unapokanyaga breki unaipa kazi.

Nilitoka na tochi. Nikawasha, nikakanyaga breki mara sita za haraka: mlio ukabadilika, kisha ukarudi polepole. Nikauchomoa mpira wa vakyumu kwenye pampu, gari likiwa limesimama.

Kimya.

Sijui kama nilipiga kelele au niliwaza tu kupiga kelele. Nikaurudisha, ko-ko-ko. Nikauchomoa, kimya. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. (Usiendeshe gari ukiwa umeuchomoa, kanyagio la breki linakuwa gumu kama jiwe.)

Pampu ilipofunguliwa, pini ya mkono wake ilikuwa imelika upande mmoja, ukiishika kwa vidole viwili inacheza. Mlio kama huo si wa kupuuza hata kama si konrodi. Breki zinaitegemea, na kuna injini ambazo pampu hii ikivunjika ndani vipande vyake vinaweza kuangukia kwenye cheni ya taimingi na kuimaliza injini nzima.

Kurudi kwa mzee

Nilirudi kwake na daftari. Alilisoma lote, akitembeza kidole chini ya kila mstari, na alipofika kwenye ule uliokatwa alitulia kidogo kisha akaendelea. Nikamweleza kiwambo cha pampu ya mkono na ule ufa. Nikamweleza pampu ya vakyumu. Akawa anatikisa kichwa taratibu.

"Pini inalika taratibu, hiyo sina neno nayo," akasema. "Lakini kiwambo. Kilipasuka lini?"

Nikataka kusema sijui. Halafu nikaanza kuhesabu. Jumamosi nilibadilisha filta, na kutoa hewa nilikipiga kile kiwambo kwa nguvu labda mara hamsini, kwa gumba, mpaka kikagoma. Jumapili gari halikutoka.

Jumatatu ndiyo asubuhi ya kwanza lilipomisi.